Ghorofa la makazi lililokwama katikati ya mji Mwanza: maji shimoni, kreni juu, nyufa kwa majirani. Tuanzie wapi?

Jirani wa Mirongo

Wakuu salaam. Naomba msaada wa wenye utaalamu wa ujenzi, ardhi na afya.

Katikati ya mji, upande wa Nyamagana, si mbali na mto Mirongo, kuna jengo la makazi lililosimama. Lilitangazwa kuwa ghorofa kumi na mbili za nyumba za kuuza, na maegesho chini ya ardhi. Limeishia slabu ya tano, mkandarasi kaondoka, bango la mradi limeng'olewa.

Shimo la maegesho ni kama mita 30 kwa 40, na limetoka nje ya upana wa jengo kwa upande wa barabara. Lina maji kina cha mita mbili, masika yanapanda zaidi. Nguzo za juu zimeachwa na nondo zimechomoza, za milimita 16 na 20, zina kutu na nyingine zimekunjwa. Kreni bado ipo, na mkono wake haugeuki hata upepo wa ziwani ukiwa mkali. Ghorofa ya tatu na ya nne kuna kuta za tofali ukingoni ambazo hazijafika kwenye boriti ya juu. Uzio wa mabati umefunguka pande mbili, watoto wanaingia kuogelea. Nyumba mbili za jirani zina nyufa za mshazari kwenye ukuta unaotazama shimo.

Mtaani hatuelewani. Wengine wanataka libomolewe, wengine serikali ilichukue ilimalizie. Walionunua nyumba kwenye ramani wananyamaza wakiogopa kupoteza hela zao. Kuna vijana wamejitolea kuleta pampu wanyonye maji yote wikiendi moja. Je, ni sawa? Na kipi kishughulikiwe kwanza, kwa ofisi ipi?

---

Jabali la Chini

Pampu isiwashwe wikiendi hii. Naanza hapo kwa sababu ndicho kitu pekee kwenye orodha yako ambacho watu wa nia njema wanaweza kukiharibu kwa siku mbili.

Maji yaliyo ndani ya shimo yanasukuma ukuta wa shimo kutoka ndani, na maji yaliyo kwenye udongo yanausukuma kutoka nje. Sasa hivi yamefikia mahali pa kulingana. Ukinyonya ya ndani kwa haraka, ya nje hayashuki kwa kasi hiyohiyo. Ukuta unabaki na mzigo wa upande mmoja, na kama haujashikwa juu na slabu ya usawa wa barabara (uliza kama slabu hiyo imemwagwa mpaka kwenye ukuta au imeishia kwenye jengo tu) unaweza kuinamia ndani. Ukiinama hata sentimita mbili, msingi wa nyumba ya jirani unaufuata.

La pili ni kuelea. Maji ya udongoni yakisimama mita 3 juu ya kitako cha jamvi (zege la sakafu ya shimo) yanalisukuma juu kwa karibu tani 3 kwa kila mita ya mraba. Sehemu yenye slabu tano juu yake ina uzito wa kutosha kubaki chini. Lakini umesema shimo limezidi upana wa jengo upande wa barabara. Pale pana jamvi tu, labda na slabu moja. Jamvi la milimita 400 ni kama tani moja kwa mita ya mraba, na slabu moja pamoja na boriti zake ni nusu tani hadi tani 0.7. Jumla haifiki tani 2. Ukiwa umenyonya yote na udongo wa nje bado umejaa maji ya masika, sehemu hiyo inaweza kupasuka au kunyanyuka pale inapoungana na jengo.

La tatu, Mwanza si Dar. Hapa watu wanaona majabali wanadhani chini kote ni mwamba. Mara nyingi jengo moja lina nguzo zilizokalia jabali zima na nguzo nyingine zimekalia udongo uliotokana na mwamba uliooza, mchanga mbichi wenye chembe nyembamba. Pampu ikinyonya bila chujio inatoa maji pamoja na chembe hizo, na ardhi ya jirani inabaki na mashimo yasiyoonekana. Maji yakitoka na rangi ya tope muda wote, unatoa ardhi ya watu.

Namna sahihi: mhandisi aangalie michoro kwanza. Zichimbwe visima vidogo viwili au vitatu vya kupimia maji nje ya ukuta, bomba la plastiki lenye matundu na kokoto ndogo pembeni. Nyonya kwa hatua, mfano sentimita 30 kwa siku, ukisoma kiwango cha nje asubuhi na jioni. Cha nje kikigoma kushuka, simama. Kwa shimo la 30 kwa 40, sentimita 30 ni mita za ujazo 360. Pampu moja ya inchi 3 inayotoa mita za ujazo 40 kwa saa inamaliza kwa saa tisa. Kwa hiyo tatizo si uwezo wa pampu, ni uvumilivu. Na ifanyike kiangazi, Juni hadi Agosti, si katikati ya mvua.

Maji yenyewe yapite kwenye tangi la kutuliza tope kabla ya kwenda mtaroni. Mirongo unaingia ziwani moja kwa moja, na ziwa hilohilo ndilo MWAUWASA, mamlaka ya maji Mwanza, inalochota maji ya mji.

---

Kava 25

Naunga mkono yote ya Jabali. Mimi niseme ya juu.

Hatari ya kwanza kwa wapita njia ni kreni, na nashangaa haizungumzwi sana mtaani. Kreni ya mnara ikipumzishwa, breki ya mzunguko huachiwa ili mkono ugeuke na upepo wenyewe, ndoano hupandishwa juu karibu na mnara, bila mzigo. Mkono usiogeuka una maana mbili: breki imefungwa, au rola za mzunguko zimekwama kwa kutu. Upepo ukija ubavuni, mkono mzima unakuwa tanga, na nguvu yote inashuka hadi kwenye boliti za chini. Na hizo boliti ziko wapi? Kama mnara umesimama ndani ya lile shimo, ziko kwenye maji. Msipande wenyewe kuachia breki. Breki za kreni nyingi zina mkono wa kuachia kwa nguvu ya mtu ukiwa juu kwenye injini ya mzunguko, lakini anayeijua ni mwendeshaji aliyesomea. Hili peleka OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Vifaa vya kunyanyulia ni vitu wanavyovikagua kisheria chini ya Sheria Na. 5 ya 2003, na wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapo Mwanza. Andika kwa herufi kubwa "mkono wa kreni haugeuki na upepo". Mkaguzi ataelewa uzito wake kwa sentensi hiyo moja.

Hatari ya pili ni zile kuta za tofali. Ukuta wa inchi sita usiofungwa juu, urefu mita mbili na nusu, hauna kitu kinachoushikilia zaidi ya uzito wake na mota iliyokauka katikati ya tofali. Dhoruba moja ya Novemba inauangusha barabarani. Hizi hazihitaji mhandisi mkubwa: zishushwe kwa mkono, tofali kwa tofali, kuanzia juu, kwa kusukumia ndani ya jengo na si nje. Kazi ya siku tatu kwa mafundi wanne waliofungwa mikanda, kwa kibali cha Jiji.

Nondo sasa. Kutu nyekundu nyepesi si tatizo. Nondo mpya zote dukani zinayo, na zege linaishika vizuri. Tatizo ni kutu inayobanduka kwa magamba. Piga brashi ya waya mpaka chuma king'ae, pima kwa vernia (kipimo kinachosoma sehemu za milimita) katikati ya mabonde ya nondo, linganisha na kipande kizima kilichokuwa ndani ya zege. Nondo ya 16 ikibaki 15.2 umepoteza karibu asilimia 10 ya eneo lake. Ya 20 ikibaki 19 ni hivyohivyo. Hapo mhandisi lazima aamue kama aongeze nondo pembeni au achonge zege kushuka chini mpaka apate chuma kizima chenye urefu wa maungio, mara 40 hadi 50 ya kipenyo, yaani sentimita 64 hadi 80 kwa nondo ya 16.

Zilizokunjwa ndizo zinazonitia hofu zaidi. Fundi anazinyoosha kwa bomba, anaona zimesimama, anaendelea. Nondo ngumu ikikunjwa na kunyooshwa mahali palepale inapata mipasuko midogo kwenye kona, ndani kabisa, na kona hiyo ipo mguuni mwa nguzo ambako mzigo ni mkubwa. Zikatwe, yatobolewe matundu na mpya zipandwe kwa gundi ya epoksi kwa kina alichokokotoa mhandisi.

Zege lenyewe: nyundo ya Schmidt (inayopima ugumu wa uso kwa kudunda) inakupa picha ya haraka, isitumike peke yake, kwa sababu uso wa zege la zamani unakuwa mgumu kuliko ndani. Toa sampuli za mviringo za milimita 100, tatu kwa kila eneo lenye mashaka, zivunjwe maabara. Kwenye tundu lilelile nyunyiza finoftalini, dawa ya maabara inayobadili rangi: zege linalobaki jeupe limeshaliwa na hewa, linalogeuka waridi bado linailinda nondo. Kama kava (unene wa zege linaloifunika nondo) ni milimita 25 na weupe umefika 20, mmebakiwa na nafasi ndogo.

Na saruji kama imebaki stoo, isitumike kwenye nguzo. Miezi mitatu kwenye unyevu wa ziwa inatosha kuipunguzia nguvu hata kama mfuko haujaganda.

---

Bwana Afya Igogo

Kwa upande wa afya, si lazima maji yatoke ili mbu wafe. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni siku saba hadi kumi na nne kwa joto letu. Dawa ya kibaiolojia ya kuua viluwiluwi, ile inayotengenezwa Kibaha, inanyunyizwa juu ya maji na kurudiwa kila wiki mpaka shimo likauke. Omba kwa Afisa Afya wa kata, yeye ndiye ana utaratibu wa kuipata na vipimo vya kunyunyiza. Angalia pia juu: slabu zisizo na mteremko zinashika madimbwi ya sentimita chache, mapipa yamebaki, matairi yamebaki. Mbu wa dengi anapenda hayo kuliko shimo kubwa. Hayo yafagiliwe na kugeuzwa kila wiki.

Tafadhali msimwage oili chafu. Najua ni desturi. Shimo likifurika inaishia Mirongo.

Watoto wanaoogelea: kichocho kinahitaji konokono na mkojo au kinyesi cha mwenye ugonjwa, na vyote viwili vinapatikana kwenye maji yaliyotuama mjini. Lakini kinachoua haraka ni kuzama. Kuta za shimo ni wima, hazina pa kushika, na chini kuna nondo zilizosimama zisizoonekana. Uzio kwanza kabla ya kitu chochote. Na mning'inize kamba nene yenye mafundo, mwisho mmoja umefungwa kwenye nguzo, mwingine umeshuka majini, pande zote nne. Ni ya bei ndogo na inaokoa mtu aliyeteleza.

Chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 Afisa Afya anaweza kumpa mwenye eneo notisi ya kuondoa kero. Notisi hiyo haingoji kesi ya ardhi iishe.

---

Mpekuzi wa Hati

Nawajibu majirani na wanunuzi kwa pamoja, ingawa haki zao si sawa.

Kwanza mjue mnashughulika na nani. Bango limeng'olewa, sawa, lakini namba ya kitalu na kiwanja inapatikana kwa Afisa Ardhi wa Jiji. Nenda nayo kwa Msajili wa Hati, lipia upekuzi rasmi. Karatasi itakuambia mmiliki ni nani, kuna rehani ya benki au hapana, kuna zuio (andiko kwenye daftari linalozuia kiwanja kuhamishwa) au hapana. Kampuni iliyotangaza nyumba mara nyingi siyo mwenye kiwanja. Wameingia ubia, mmoja katoa ardhi, mwingine fedha. Barua ikienda kwa asiye mmiliki mnapoteza miezi.

Wanunuzi: ukimya hauwalindi. Chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo, Na. 16 ya 2008, hati ya sehemu inatoka jengo likishakuwepo na ramani ya sehemu ikasajiliwa. Kwa slabu tano hakuna aliye na hati. Mlicho nacho ni mkataba na risiti. Kama benki ina rehani iliyosajiliwa, benki inatangulia, na kiwanja kinaweza kuuzwa mnada mkiwa mmenyamaza. Hatua ya kujikinga ni kuweka zuio kwa Msajili chini ya kifungu cha 78 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334. Fomu, kiapo kinachoeleza maslahi yako, nakala ya mkataba, ada. Jueni kwamba mwenye kiwanja anaweza kuomba Mahakama Kuu iwaite mweleze kwa nini zuio lisiondolewe, kwa hiyo kiapo kiandikwe na wakili na kila malipo yawe na ushahidi wa benki. Malipo ya mkononi bila risiti hayatawabeba.

Na saa inatembea. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka sita tangu mkataba ulipovunjwa. Angalieni tarehe ya kukabidhiwa iliyoandikwa, hesabuni kutoka hapo, si kutoka siku mafundi walipoondoka. Kila mnunuzi ana tarehe yake.

Kuhusu kubomoa au serikali kulichukua: Jiji lina nguvu chini ya Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 kuchukua hatua kwa anayekiuka kibali, na hati za mjini zina sharti la kuendeleza, mara nyingi ndani ya miezi 36. Lakini kufuta hati ni safari ndefu, na jengo lililokwama kwa ukata wa fedha linaweza kufufuka. Miradi ya Morocco Square na Kawe 711 ya Shirika la Nyumba la Taifa kule Dar es Salaam ilisimama miaka kadhaa kisha kazi ikarudi. Kwa hiyo msiweke nguvu zote kwenye "libomolewe". Dai lenye mashiko leo ni eneo lifanywe salama kwa gharama ya mmiliki.

---

Mkadiriaji wa Kirumba

Nyongeza fupi kuhusu kwa nini yanakwama, kwa sababu inasaidia kujua kama litaendelea.

Majengo haya hutegemea malipo ya wanunuzi yaendeshe ujenzi. Shimo na msingi hula fedha nyingi kabla ya kuonekana kitu juu ya ardhi, na hapa Mwanza ukikutana na jabali ambalo halikuonekana kwenye uchunguzi wa udongo, gharama ya kupasua inapanda sana kwa sababu katikati ya mji baruti haitumiki hivihivi, watu wanatoboa na kupasua kwa mashine. Fedha ya ghorofa inaishia ardhini. Mauzo yakipungua, hati za malipo za mkandarasi zinarudi bila kulipwa. Mikataba ya mtindo wa FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri) ya 1999 inamruhusu mkandarasi kusimamisha kazi kwa notisi ya siku 21. Anasimama, na mwenye mradi anabaki na riba ya benki inayokua kila mwezi.

Dalili za kutazama: mlinzi analipwa? Bima ya kazi ipo hai? Kuna mhandisi aliyekuja kupima? Mwenye nia ya kurudi huzilinda nondo. Hupaka uji wa saruji au huzimwagia zege dhaifu kwenye boksi. Hapo hakuna hata kimoja, basi msisubiri.

---

Jirani wa Mirongo

Asanteni sana wakuu. Vijana wa pampu nimewaonyesha maelezo ya Jabali, wameahirisha. Nyufa: ya kwanza imeanzia kona ya dirisha kwenda juu, pana zaidi juu kuliko chini, inaingia rula ya chuma. Ya pili ni kama utando wa buibui kwenye plasta. Nazirekodije ili zikubalike?

---

Jabali la Chini

Ya utando wa buibui achana nayo kwa sasa, ni plasta iliyokauka haraka au yenye saruji nyingi. Ya dirishani ndiyo yenye habari. Ufa wa mshazari uliopanuka juu unaonyesha upande mmoja wa ukuta unashuka au unaegemea nje. Kama upande huo ndio wa shimo, mnayo hoja.

Funga skrubu tatu za shaba au zisizoshika kutu: mbili upande mmoja wa ufa, moja upande wa pili, kama pembetatu yenye pande za milimita 100 hivi. Pima pande mbili zinazovuka ufa kwa vernia, asubuhi kabla ukuta haujapata jua. Skrubu moja moja kila upande hukuambia ufa umepanuka. Tatu hukuambia umeelekea wapi pia. Andika tarehe, vipimo, mvua ilinyesha au hapana. Kila wiki, na kila baada ya mvua kubwa. Piga picha na rula ikiwa ndani ya picha. Kipande cha kioo kilichobandikwa kwa plasta ni kizuri kwa macho ya mwenyekiti wa mtaa, lakini kikipasuka hakikupi kipimo.

Ufa wa chini ya milimita 5 unaosimama tuli si wa kuhama nyumba. Ukivuka 15, au milango ikianza kukwama, au ukiongezeka milimita moja kwa wiki, watu wasilale chumba hicho na mhandisi aitwe siku hiyohiyo.

---

Kava 25

Barua moja, kurasa mbili, isizidi. Mwenyekiti wa mtaa asaini, ipelekwe kwa Mkurugenzi wa Jiji, nakala OSHA, NEMC (baraza la mazingira), Zimamoto na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Kila nakala irudi na muhuri wa kupokelewa na tarehe. Mambo manne kwa mpangilio huu: kreni, kuta za ukingoni, uzio wa shimo, nyufa na vipimo vyake. Ombeni ripoti ya hali ya jengo kutoka kwa mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kwa gharama ya mmiliki, na nakala yake kwa mtaa. Habari za mauzo na hela za wanunuzi ziende kwenye barua yao wenyewe. Mkichanganya, ofisi ya Jiji itasema ni mgogoro wa mkataba na itawaelekeza mahakamani, na kreni itabaki pale.

Kumbukeni 29 Machi 2013, mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam: jengo ambalo halijamalizika, katikati ya makazi, watu 36 walifariki. Waliokuwa chini yake hawakuwa mafundi peke yao.

---

Mpekuzi wa Hati

Ongeza kwenye barua ya Kava: namba ya kiwanja kwenye kichwa cha habari, na muda mnaotaka majibu, siku 14 kwa kreni na kuta. Bila namba ya kiwanja masjala hawajui waiweke faili gani.